Mifupa ya Chifu

Lavender ndiye aliyempa chura jina la Chifu. Alisema anafanana na chifu kwa kila kitu: shingo hana, tumbo limemtangulia, na anaweza kukaa mahali pamoja saa nzima akikutazama bila kusema lolote mpaka chakula kitokee. Esnah, mama yake, akamkanya. Alimwambia maneno hayo yakimfikia chifu mwenyewe wataitwa barazani wajieleze. Lakini alisema hivyo huku akibana midomo asicheke, na Momanyi, aliyekuwa ameketi kizingitini akinoa panga, alimwona mkewe akijizuia na akafurahi. Kicheko kilikuwa kimeadimika katika nyumba ile.

Lavender alikuwa na miaka kumi na miwili, mtoto wao wa pekee. Mwaka uliotangulia alikuwa bado akikimbia kushuka na kupanda kilima cha shule pale Sironga kama wenzake. Kisha akaanza kusimama njiani kutafuta pumzi. Magoti yakamvimba, leo hili, kesho lile. Mwishowe wakampeleka Kisii, na daktari akawaambia kwamba valvu za moyo wake zimeharibika. Akawauliza kama mtoto aliwahi kuumwa koo. Mume na mke wakatazamana. Aliumwa, ndiyo, zaidi ya mara moja. Wakampa maji ya chumvi na ndimu, koo likapoa, wakasahau. Ndiko ugonjwa ulikoanzia, daktari akasema, kwenye koo lile.

"Mngemleta mapema," akaongeza, bila ukali wowote, kama mtu anayesoma maneno yaliyoandikwa ukutani.

Tangu siku hiyo Lavender alidungwa sindano kila mwezi na kungoja zamu ya kupasuliwa, ambayo hakuna aliyejua itafika lini. Alikatazwa kukimbia, kisha akakatazwa kupanda kilima, na shule ikawa kengele tu inayosikika kutoka ng'ambo ya bonde. Watoto wa jirani walimtembelea siku za mwanzo, halafu wakachoka, maana hakuna mchezo wa kucheza na mtu asiyeruhusiwa kusimama sana. Alishinda barazani kwenye kiti, mto mgongoni. Esnah alimpikia chinsaga, mboga aliyoipenda tangu utotoni, na Lavender akaisukuma kando ya sahani kwa ncha ya kidole.

Chura alikuja mwenyewe. Kila jioni alitoka kwenye mtaro nyuma ya zizi la ng'ombe, akarukaruka hadi chini ya taa ya barazani, akaketi kungoja wadudu wanaoanguka. Lavender alianza kumtazama kwa kukosa kingine cha kutazama. Aliona ulimi unavyochomoka na kurudi kabla hujapepesa jicho. Aliona anavyofumba macho kila anapomeza, kana kwamba anakisukuma chakula kwa macho hayo. Jioni moja akasema, "Tata, nikamatie." Tata ndiye baba katika lugha ya kwao.

"Nikukamatie chura?"

"Huyo. Nataka awe wangu."

Esnah akatoka jikoni na mwiko mkononi. Alisema chura ni uchafu, mkojo wake unatoa malengelenge, na watu watasema nini wakisikia nyumba ya Wasabato inafuga chura. Momanyi alisikiliza yote. Kisha akaenda kuchukua beseni kubwa la plastiki lililokuwa limepasuka ukingoni, akatia udongo wa chini ya migomba, akaweka jani bichi na kifuniko chenye maji, akafunika yote kwa kipande cha chandarua kilichokazwa kwa mpira wa baiskeli. Angemletea mtoto yule hata fisi, kama angeomba fisi.

Na kweli mambo yakabadilika. Lavender alikuwa na kazi sasa. Asubuhi alibadilisha maji, mchana aliuliza Tata ataleta nini, jioni alimlisha Chifu kwa mkono wake mwenyewe huku sahani yake ikiwa pajani. "Mdudu mmoja wake, tonge moja langu," alisema, na akashika neno lake. Chifu akimeza panzi, yeye alimeza ugali. Momanyi aliliona jambo hilo siku kadhaa mfululizo kabla ya kuthubutu kumwambia mkewe. Esnah akasema alikuwa ameliona pia, ila aliogopa kulitaja. Tangu siku hiyo hakusema tena habari za uchafu.

Mwanzoni Chifu alikula chochote Momanyi alichokipata shambani: kumbikumbi baada ya mvua, panzi, nyenje, minyoo ya kwenye samadi. Kisha baridi ya Julai ikaingia, ukungu ukalala juu ya majani ya chai hadi karibu adhuhuri, na wadudu wakatoweka. Momanyi alirudi nyumbani mikono mitupu mara moja, mara mbili. Mara ya tatu akapita kwenye kinu cha kusagia mahindi na kuona pembeni gunia la unga ulioharibika, limejaa funza weupe wanene wanaonyonganyonga. Mwenye kinu alimwambia achukue gunia zima, atakuwa amemsaidia.

Momanyi alijiona mwerevu siku hiyo. Sasa chakula cha Chifu kilikuwa ndani ya nyumba, hakiishi, kinazaana chenyewe ndani ya ndoo. Na Chifu aliwapenda funza wale kuliko kitu chochote. Akala asubuhi, akala jioni. Akanenepa hata mikunjo ikajaa ubavuni, na Lavender akasema amepandishwa cheo, sasa ni kamishna. Hakuna aliyedhani kwamba kiumbe anayekula hivyo na kunenepa hivyo anaweza kuwa anakufa njaa.

Dalili ya kwanza iliwachekesha. Chifu alirusha ulimi, akakosa. Akarusha tena, funza akabaki palepale. "Chifu anahitaji miwani!" Lavender akasema. Macho yake kweli yalikuwa yamevimba kidogo kwenye kope. Baada ya siku chache alikuwa akikosa mara nyingi kuliko anavyopata. Ulimi haukufika mbali tena; ulitoka nusu, ukarudi mtupu, na Chifu akabaki akitafuna hewa. Halafu vidole vya miguu ya nyuma vikaanza kutetemeka. Vilitetemeka vyenyewe, hata alipokuwa ametulia, kama nyuzi zinazovutwa na mtu asiyeonekana.

"Tata, njoo uone," Lavender akaita, na sauti yake haikuwa na mchezo.

Momanyi akamwinua Chifu. Mgongo ulikuwa na nundu ambayo hapo awali haikuwapo. Taya la chini lilikuwa limekaa upande. Alipoligusa kwa kidole gumba, lilibonyea.

Kuanzia hapo Lavender alimlisha kwa kumfungua mdomo polepole na kumtilia funza ndani. Baadhi walimezwa, wengi walidondoka. Na kwa kuwa Chifu hakumaliza chakula chake, Lavender naye hakumaliza chake. Hakufanya hivyo kwa ukaidi. Alikitazama tu kile chakula, kisha akakiweka chini.

"Mrudishe mtaroni," Esnah alimwambia mumewe walipokuwa wawili jikoni. "Akafie huko. Mtoto asimwone."

"Na akiniuliza?"

Esnah aliendelea kuchambua mboga, akitupa majani mabichi pamoja na yaliyonyauka.

Siku iliyofuata Momanyi alimtia Chifu kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, akatoboa kifuniko kwa msumari, akaenda Nyamira mjini kwa daktari wa mifugo. Nje ya ofisi palikuwa na mtu na mbwa wake, na mwanamke aliyeshika kamba ya ndama anayeharisha. Mwenye mbwa akachungulia ndani ya mkebe.

"Mzee, hii ni mgonjwa ama ni dawa?" akauliza, na watu wakacheka. Momanyi akacheka nao. Alikuwa amekwisha kujiandaa kuchekwa.

Daktari alikuwa mwanamke kijana aitwaye Nyanchera, aliyevaa magwanda ya kijani na buti za mpira. Yeye hakucheka. Alimtoa Chifu, akamweka mezani juu ya gazeti, akamtazama akijaribu kujiinua na miguu ikimteleza.

"Mzee, nikwambie ukweli. Mimi nilisomea ng'ombe, mbuzi, mbwa. Chura sikusomea."

"Najua, daktari. Sikuwa na mahali pengine pa kwenda."

"Ni wa nini?"

"Ni wa binti yangu. Ni mgonjwa wa moyo, hatoki nyumbani."

Daktari akamtazama usoni, kisha akatoa simu. Alisoma kwa muda mrefu. Akampigia mtu aliyesoma naye chuoni, wakazungumza, akaligusa taya la Chifu huku akimweleza huyo mtu alichokuwa akikiona. Alipokata simu alivuta kiti akaketi.

"Umewahi kuona ng'ombe aliyezaa karibuni anaanguka, anatetemeka, hawezi kuinuka?"

"Nimeona. Wangu alifanya hivyo mwaka juzi. Akadungwa dawa ya chupa, akasimama."

"Basi ni jambo moja. Kalsiamu imeisha mwilini. Chokaa ile inayojenga mifupa. Unamlisha nini?"

"Funza wa unga."

"Na nini kingine?"

"Funza tu. Anawapenda sana."

Nyanchera akatikisa kichwa polepole. "Hao wamejaa mafuta, mzee, lakini chokaa karibu hawana. Ni kama kulea mtoto kwa mandazi peke yake. Atanenepa, utafurahi, na ndani hakuna kinachojengwa. Huko mtaroni angekula mchwa leo, kesho konokono, keshokutwa jongoo. Hapa amekula kitu kimoja kila siku. Hata hizi kope na huu ulimi usionasa kitu, ni vitamini A imemkosa."

"Lakini alikuwa anakula. Anatembea. Alikuwa sawa."

"Hakuwa sawa. Chokaa ikipungua kwenye damu, mwili unaiiba mifupani. Ni lazima uibe, kwa sababu bila hiyo moyo haupigi. Kwa hiyo moyo umekuwa ukipiga, na mifupa imekuwa ikiliwa."

Momanyi akautazama mkono wake ulioshika ukingo wa meza. "Atapona?"

"Kutetemeka kunaweza kupungua. Lakini hili taya sasa ni kama mpira, na mgongo ukishapinda hivi haunyooki tena." Akasita. "Ungemleta mapema..."

Hakumalizia. Hakujua kwa nini mzee aliyekuwa mbele yake aliondoka ghafla mezani, akaenda dirishani, akabaki kule akitazama uwanja mtupu wa maegesho. Momanyi alikuwa amekwisha kusikia maneno hayo, kwa mpangilio uleule, kutoka kwa mtu mwingine aliyevaa koti jeupe. Alijiuliza ni mapema ipi hiyo wanayoizungumzia siku zote. Yeye alikuwapo mapema. Alikuwapo asubuhi na jioni. Alitazama kwa macho yake yote mawili, na alichokiona ni mtoto mwenye koo linalowasha, na chura anayenenepa.

Nyanchera alichukua dawa ya ng'ombe kidogo, akaichanganya na maji, akamdondoshea Chifu tone moja moja mdomoni. Akampa Momanyi unga mweupe wa madini kwenye karatasi iliyokunjwa. Amnyunyizie kila mdudu kabla ya kumlisha. Amtafutie wadudu wa kila aina. Amtoe nje apate jua la asubuhi kwa muda mfupi, pamoja na kivuli cha kukimbilia. Ampe kipande kidogo mno cha ini, mara moja tu kwa wiki.

"Halafu huyu ni jike," alisema akimrudisha mkebeni. "Wakubwa hivi wengi ni majike. Madume ndio wanaopiga kelele ukiwashika."

Momanyi akamshukuru. Alipofika mlangoni daktari akamwita tena.

"Mzee. Usimwambie mtoto kwamba atapona."

Alimwambia atapona. Alifika nyumbani, akamkuta Lavender amesimama ukutani akimngoja, midomo imebadilika rangi kwa kusimama, na hakuona maneno mengine yoyote ya kumwambia. "Ni kalsiamu tu," alisema. "Amepewa dawa. Atapona."

Kwa siku kadhaa ilionekana kama kweli. Momanyi aliacha shamba lipate magugu. Alipindua mawe, alibomoa magogo yaliyooza, alitembea na kopo kando ya kijito akiwatafuta konokono wadogo kama punje za mtama. Mathew, jirani yake, alimkuta amepiga magoti kwenye samadi ya mtu mwingine na akamuuliza kama kuna kitu amepoteza. Momanyi akasema ndiyo. Vidole vya Chifu viliacha kutetemeka. Siku moja alijivuta mwenyewe kutoka kivulini hadi kwenye jua, mwendo wa kiganja kimoja, na Lavender akapiga makofi mpaka akakohoa.

Kikohozi hicho hakikuondoka. Usiku alishindwa kulala chali. Asubuhi miguu yake ilikuwa imevimba, ukibonyeza kidole shimo linabaki. Wakamkimbiza Kisii, na wakamlaza. Esnah alibaki naye. Momanyi alipaswa kurudi kwa sababu ya ng'ombe, na Lavender akamshika mkono wa koti alipokuwa akiaga.

"Usimwache, Tata. Mpe wadudu wa unga mweupe. Usisahau jua."

"Sitasahau."

Hakusahau hata kidogo. Alimlisha kwa njiti ya kiberiti iliyochongwa, akimfungua mdomo kwa ukucha. Lakini Chifu alikuwa ameanza kuvimba maji tumboni, na vitu vilivyoingia mdomoni vilitoka upande wa taya lililopinda. Kila jioni simu ililia, na kabla ya salamu Lavender aliuliza, "Amekula?"

"Amekula," Momanyi alisema.

Asubuhi moja aliporudi kutoka kukama, alimkuta Chifu amelala, nusu ya beseni ikiwa juani, miguu ya nyuma imenyooka kabisa, mdomo wazi. Alimgeuza kwa kidole. Mwili ulikuwa mkavu upande mmoja. Alisimama hapo kwa muda, ndoo ya maziwa bado mkononi, na jambo la kwanza lililomjia kichwani lilikuwa jioni, na simu. Hakuweza kufikiri zaidi ya hapo. Alimwinua kwa jembe, akaenda naye mpaka ukingo wa shamba, akamtupa chini ya miche ya chai, kisha akachukua kikapu akaanza kuchuma, kwa kuwa ilikuwa siku ya kuchuma na mikono yake ilihitaji kazi.

Jioni simu ikalia.

"Amekula?"

Akavuta pumzi. "Amekula."

"Wangapi?"

"Panzi wawili."

"Wawili! Mama, amekula panzi wawili peke yake!" Akasikia kelele za wodi, vyombo, mtu akilia mbali. Kisha Esnah akaichukua simu. "Umemfurahisha," alisema kwa sauti ya chini, na Momanyi akatambua kwamba mkewe analia. "Leo ndiyo siku ya kwanza amemaliza uji."

Sasa angefanyaje? Kesho yake walikuwa panzi watatu. Keshokutwa konokono. Lavender alikula wodini kadiri Chifu alivyokula nyumbani, na Chifu wa kwenye simu alikuwa na hamu kubwa ya chakula. Madaktari wakasema maji yanapungua mwilini, wiki ikiisha anaweza kurudi. Momanyi alipoambiwa hivyo alifurahi kwanza, kama baba yeyote, kisha akalikumbuka beseni tupu. Jioni hiyo mvua ilipokatika alikwenda kwenye bwawa la Mathew la samaki, akatembea kwenye matope mpaka akampata chura mwenye ukubwa unaokaribia wa Chifu, mwenye madoa ya kahawia mgongoni, ambaye kwa macho ya mtu mzima hakuwa na tofauti na chura mwingine. Akamweka kwenye beseni. Chura huyo alikula kila kitu.

Lavender alirudi amekonda, shingo nyembamba, mishipa ikipiga chini ya ngozi. Hakutaka kukaa kwanza. Hakutaka chai. Alikwenda moja kwa moja kwenye beseni akafungua mpira.

"Unaona?" Momanyi akasema kutoka nyuma yake. "Amepona. Hata mgongo umenyooka."

Lavender alimtazama chura kwa muda mrefu. Esnah alisimama mlangoni na mizigo, akiwatazama wote wawili. Kisha mtoto akaingiza mkono, akamwinua kwa kumshika chini ya makwapa kama alivyozoea kumwinua Chifu.

Chura akalia. Kri, kri, kri, mwili mzima ukitikisika mkononi mwake.

Momanyi akayakumbuka maneno ya daktari kuhusu madume wakati huo tu.

"Chifu halii," Lavender akasema. Hakuinua sauti. Alimrudisha chura kwenye udongo, akafunika chandarua, akakaza mpira kwa uangalifu pande zote. "Chifu yuko wapi?"

"Lavender..."

"Alikufa lini?"

Momanyi akafungua mdomo, na uongo mwingine ulikuwa tayari, akausikia ukimjia ulimini wenyewe bila kuitwa. Aliufunga mdomo.

"Ulipokuwa hospitali," akasema mwishowe.

"Wale panzi wawili?"

"Alikuwa amekufa asubuhi ya siku hiyo."

Mtoto akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayepata jibu la hesabu iliyokuwa ikimsumbua. Kisha akamgeukia baba yake na kumtazama moja kwa moja, na akauliza bila hasira, kwa kutaka kujua:

"Na mimi nikifa, Tata, mtatafuta mwingine?"

Esnah aliangusha mizigo. Momanyi alisikia vyombo vikiviringika sakafuni, na hakuweza kugeuka. Alitaka kusema hapana. Alitaka kupiga magoti. Neno hapana lenyewe, alipolitafuta, lilikuwa ni kukubali sehemu ya kwanza ya swali, na kwa sababu hiyo alibaki amesimama, mikono ikining'inia, mpaka mtoto akaondoa macho.

"Nataka kumwona mahali alipo," Lavender akasema.

Alimbeba mgongoni hadi shambani. Hakuwa mzito, hilo pia lilimuumiza. Akampumzisha juu ya kikapu cha chai kilichopinduliwa, akaanza kutafuta chini ya miche pale alipomtupa. Alijua hatapata kitu. Siafu walikuwa wamepita shamba hilo, njia yao nyeusi bado ilionekana kwenye udongo. Aliendelea kutafuta. Alifunua matawi, akaparua majani makavu kwa vidole, akahama mche hadi mche kwa magoti, na suruali yake ikalowa. Alitamani apate hata mfupa mmoja wa kumwonyesha, mdogo kama sindano. Lakini hata mifupa haikuwapo, na alielewa kwa nini. Haikuwa na kitu cha kuifanya ibaki.

"Ulimtupa tu?" Lavender akauliza.

"Nilimtupa tu."

"Hukumzika."

"Sikumzika. Nilichanganyikiwa, mwanangu."

Manyunyu yakaanza. Esnah akawaita kutoka nyumbani, akaita tena, kisha akaja mwenyewe na shuka, akamfunika mtoto kichwani.

Yule chura mwingine aliachiliwa jioni hiyo. Lavender ndiye aliyeomba, kwa sentensi moja, na hakutoka nje kumwona akienda. Momanyi aliliinamisha beseni ukingoni mwa mtaro na chura akaruka bila kuangalia nyuma, mzima kabisa, akatumbukia majini.

Baada ya hapo Lavender alikuwa mtoto mtiifu, na utii huo uliwatisha wazazi wake kuliko ukaidi wowote. Alinyoosha mkono kwa sindano. Alikula alichowekewa, vijiko vichache, akasema asante. Hakuuliza zamu yake ya kupasuliwa imefika wapi. Hakutaka tena kukaa barazani. Alilala akiutazama ukuta, na ukimuuliza anawaza nini, alisema hawazi kitu. Wazee wa kanisa walikuja Sabato moja wakaimba na kumwombea. Mzee Obadiah alimwambia ajipe moyo. Lavender akamjibu, "Ndiyo, mzee," kwa adabu, na baada ya wao kuondoka Momanyi alikwenda nyuma ya zizi, akaegemea nguzo, akalia kama hajawahi kulia tangu awe mtu mzima, akiuziba mdomo kwa kofia asisikike ndani.

Mwezi wa kumi miguu ilivimba tena, na safari hii mpaka mapajani. Kisii waliwekwa chumba cha mwisho, karibu na mitungi ya oksijeni. Daktari alimtoa Momanyi nje kwenye korido. Alizungumza taratibu, akitaja dawa walizojaribu. Alisema moyo umechoka kuliko walivyodhani, kwamba kwa hali hii hapasuliki, na kwamba watamsaidia asipate shida ya kupumua. Momanyi alisema ndiyo, ndiyo, kila daktari alipotua. Kisha alibaki peke yake mle koridoni, bega ukutani, watu wakimpita na chupa za chai na mablanketi.

Aliporudi ndani, Esnah alikuwa amesinzia kitini, kichwa kimeangukia kifuani. Lavender alikuwa macho. Alikuwa ameketi akiegemezwa mito mitatu, kwa maana hakuweza kulala chali, na mrija wa oksijeni ulimkata mashavuni.

"Daktari amesema nini?"

Momanyi aliketi ukingoni mwa kitanda. Aliona jinsi ambavyo ingekuwa rahisi. Neno moja tu, utapona, na pengine uji ungemalizwa kesho.

"Amesema moyo umechoka," akasema. "Hawawezi kukupasua. Watakupa dawa ya kukupumzisha."

Mtungi ulitoa sauti ya maji yanayochemka.

"Haya," Lavender akasema.

Aliyafumba macho. Baada ya muda mkono wake ukatoka chini ya blanketi, ukatafuta juu ya shuka mpaka ukapata kidole cha baba yake, ukakishika. Momanyi hakusogea. Alikaa hivyo, mgongo ukimuuma, akiogopa hata kumwamsha Esnah, na dirishani mvua ya Kisii ikaendelea kunyesha juu ya mabati ya mji.